Bi Harusi, Mahari Yako Isiishie Kwenye Shela

 

Leo nataka tuzungumze kuhusu shela. Najua ni jambo linalotugusa, na wengine mtanikasirikia. Lakini nimetoka Mkange wiki hii na bado nina dukuduku moyoni, kwa hiyo acheni niseme.

Mkange ni huko upande wa Bagamoyo, njia ya kwenda Saadani na Pangani. Kaka yangu aliolea huko miaka mingi, akalima, akazaa, na sasa binti yake mkubwa anaolewa. Mimi shangazi nikavuka bahari kutoka Unguja wiki tatu kabla ya siku yenyewe, maana mnajua kazi za shangazi: singo, udi, mafunzo, na kuwatuliza wazee pale bajeti inapopanda.

Usiku wa kwanza tu binti akanivuta pembeni, akanionyesha simu yake. "Shangazi, tazama. Hii ndiyo shela yangu."

Ilikuwa picha ya mchoro. Si picha ya mtu, ni mchoro wa wino mweusi: mwanamke mrefu kama mnazi, kiuno unachoweza kukishika kwa viganja viwili, sketi iliyofunguka kama mwavuli, kofia kichwani na glavu mikononi. Chini pameandikwa Dior. Kuna duka mjini Dar es Salaam, aliniambia, lina shela iliyoshonwa kwa kufuata mchoro ule, nyeupe, yenye mkia. Kuikodi siku mbili ni laki sita. Nikamuuliza laki sita anaitoa wapi. Akainamisha kichwa: "Kwenye mahari yangu, Shangazi." Mahari yake ni laki nane.

Wapenzi wangu, hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Mchoro ule ni wa nini hasa?

Kwanza nikamwambia ukweli ambao hakuujua. Mchoro ule haukuwa wa shela. Ulikuwa wa suti: koti na sketi. Ni vazi mashuhuri linaloitwa Bar, koti la hariri ya rangi ya krimu lililobana kiunoni na kufunguka juu ya nyonga, pamoja na sketi nyeusi ya sufu yenye marinda mengi. Mbunifu wake, Christian Dior, alilionyesha Paris tarehe 12 Februari 1947, kwenye onyesho lake la kwanza kabisa, katika nyumba namba 30 barabara ya Avenue Montaigne. Mwandishi mmoja wa Marekani, Carmel Snow, alipoona mavazi ya siku ile akasema ni sura mpya, na jina hilo likashika dunia nzima.

Namheshimu Dior kwa jambo moja. Mtu huyu hakuanza na pesa. Alizaliwa Granville, Ufaransa, mwaka 1905, katika familia yenye uwezo, lakini mali ya baba yake ikapotea wakati uchumi wa dunia ulipoanguka baada ya 1929. Duka lake la picha likafungwa. Akawa anachora michoro ya kofia na magauni na kuiuza moja moja kwa nyumba za mitindo ili apate riziki. Mchoro ndio uliomlisha. Baadaye akafanya kazi kwa Robert Piguet, kisha kwa Lucien Lelong, hadi tajiri wa viwanda vya pamba, Marcel Boussac, alipompa mtaji wa kufungua nyumba yake mwaka 1946. Akaishi miaka michache tu baada ya hapo. Alifariki mwaka 1957, akiwa na miaka 52.

Lakini sikilizeni sehemu ambayo simu haituonyeshi. Dior alipomaliza kuchora, mchoro ule haukuwa nguo bado. Ulipelekwa kwa mafundi wake. Fundi mkuu aliutazama, akajaribu kuusoma, halafu akashona nguo ya majaribio kwa kitambaa cha pamba cha bei rahisi, cheupe, kisicho na urembo. Wafaransa wanaiita toile. Dior akaitazama ile nguo ya majaribio juu ya mwili wa mtu, akasema hapa punguza, hapa ongeza, hii tupa kabisa. Baada ya hapo ndipo hariri ikakatwa. Na mteja aliyenunua hakupewa nguo ya mchoro. Alipimwa, akashonewa ya kwake, akaitwa kuijaribu mara kadhaa mpaka ikamkaa.

Mnaona? Hata huko Paris kwenye fedha nyingi, hakuna aliyevaa mchoro. Mchoro ni mwanzo wa mazungumzo kati ya fundi na mwili. Sisi tunaokota mwanzo wa mazungumzo ya watu wengine, tunaenda kuukodi kwa laki sita, halafu tunaulazimisha mwili wetu uutii.

Bibi harusi aliyelemewa na gauni

Kuna kisa nilimsimulia binti yetu, nanyi nawasimulia.

Miaka minne kamili baada ya onyesho lile, tarehe ile ile ya 12 Februari, mwaka 1951, msichana wa miaka 18 aitwaye Soraya Esfandiary aliolewa Tehran na Shah wa Iran, Mohammad Reza Pahlavi. Bi harusi Mwislamu, katika nchi ya Kiislamu, na gauni lake lilibuniwa na huyo huyo Christian Dior. Lilikuwa la kitambaa kinachong'aa kama fedha, zaidi ya mita 30 zake, limejaa lulu na kupambwa kwa manyoya mepesi ya ndege. Inaelezwa lilifika kilo 20 hivi. Fikirini kilo 20! Hiyo ni ndoo kubwa ya maji, ile tunayojitwika kutoka kisimani, isipokuwa yeye alijitwika kuanzia mabegani hadi sakafuni.

Na Soraya alikuwa ametoka kuugua homa ya matumbo. Harusi ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara moja kwa sababu ya ugonjwa huo. Siku yenyewe ilikuwa baridi, mwili haujarudi sawa, na gauni likamwelemea. Inasimuliwa kwamba Shah mwenyewe, alipoona mkewe anakaribia kuanguka, akaagiza sehemu ya ule mkia ikatwe ili aweze kutembea.

Kila nikifikiria kisa hiki najiuliza: kwenye ule msururu wote wa wachoraji, mafundi, mabalozi na wasaidizi wa kasri, hakuna aliyemuuliza yule msichana, "Mwanangu, utaweza kusimama nayo?" Gauni lilikuwa zuri kupita kiasi. Picha zake zinatazamwa mpaka leo. Lakini siku ile uzuri wake ulihitaji mkasi ili bi harusi apumue.

Miaka miwili kabla yake kulikuwa na harusi nyingine iliyotikisa dunia, na hii inatugusa kwa karibu kidogo. Mwezi Mei 1949, kusini mwa Ufaransa, mwigizaji wa filamu Rita Hayworth aliolewa na Aly Khan, mtoto wa Aga Khan wa tatu. Wazee wa Dar es Salaam wanamkumbuka Aga Khan huyo: ndiye aliyepimwa kwa almasi mjini humo mwezi Agosti 1946. Kwa hiyo hii si familia ya kubana matumizi! Bibi harusi angeweza kuvaa chochote. Akavaa gauni lililobuniwa na Mfaransa mwingine, Jacques Fath: la krepu, rangi ya samawati iliyopauka, mikono mirefu, na kofia pana. Hakuna mkia wa kuburuta. Aliweza kutembea, kuketi na kupokea wageni.

Sisemi hivi ili tuige harusi ya mwigizaji. Nasema wabunifu wote wawili walikuwa wa Paris, wa zama zile zile, wenye sifa kubwa. Mmoja alitoa gauni la kumkalisha mtu kitako, mwingine akatoa gauni la kumwezesha mtu kuamkia watu. Kwa hiyo tatizo si Ufaransa, wala si mtindo wa kigeni. Tatizo ni pale ambapo nguo inapewa hadhi kuliko anayeivaa.

Na kwa faida ya anayedhani shela kubwa huleta ndoa kubwa: Rita na Aly waliachana mwaka 1953, Soraya na Shah wakaachana mwaka 1958. Lulu hazikusaidia, na wepesi wa gauni nao haukusaidia. Ndoa inashikwa na vitu vingine.

Kuhusu mahari

Hapa nitasema wazi. Mahari si ya baba, si ya mama, si ya shangazi, wala si ya kamati ya harusi. Ni haki ya mwanamke aliyopewa na Mola wake. Ndiyo mali ya kwanza ambayo wengi wetu tunaishika kwa jina letu wenyewe. Binti wa kijijini akipata laki nane zake, hiyo ni mbuzi, ni ada ya kozi, ni mtaji wa vitenge, ni akiba ya siku ambayo hatujui itakujaje.

Kuna watakaoniambia: "Ni pesa yake, mwache aitumie atakavyo." Kweli, ni yake, na angesisitiza nisingemzuia. Lakini jiulizeni kama kweli ni yeye aliyechagua. Nilipomuuliza binti yetu kwa nini anaitaka shela ile, hakusema "kwa sababu ninaipenda." Alisema, "Shangazi, wenzangu wote waliotangulia walivaa za kukodi mjini. Watanisema." Sasa hapo ni yeye anayetumia mahari, au ni midomo ya watu?

Wengine watasema: "Ni siku moja tu maishani, mwache ang'ae." Nami nataka ang'ae! Sisi watu wa pwani hatujawahi kuchukia urembo. Tuna hina, piko, asmini, udi, dhahabu ya bibi. Dini yetu haikukataza mwanamke kupendeza, imekataza israfu. Ukikodi nguo kwa robo tatu ya mahari yako, ukaivaa saa nne, ukairudisha ukiwa na hofu ya kukatwa faini kwa doa la biriani, huko si kung'aa. Ni kujipa wasiwasi siku ya furaha.

Fundi wa chini ya mwembe

Asubuhi yake nikamchukua binti, tukaenda kwa fundi cherehani wa pale pale kijijini. Mama wa makamo, cherehani ya miguu, amekaa chini ya mwembe. Binti alikuwa amenuna, sitawaficha. Akamwonyesha mchoro kwenye simu. Yule mama akautazama kwa muda, akauliza swali moja: "Mwanangu, huyu anakaa vipi?"

Binti akacheka bila kutaka. Maana kweli, yule mwanamke wa mchoro hawezi kukaa. Hana tumbo, hana makalio, miguu yake ni mirefu kuliko ya twiga. Wachoraji wa mitindo ndivyo wanavyochora: wanamrefusha mtu ili nguo ipendeze karatasini. Hakuna mwanamke wa hivyo Paris wala Mkange.

Fundi akachana karatasi ya daftari, akachukua kalamu. "Sasa tumchore wewe." Akauliza: unapenda nini kwenye picha hii? Binti akasema, sketi pana. Basi sketi pana ikabaki. Akauliza: kiuno hiki? Binti akanitazama mimi, halafu akasema kisibane sana, maana baba na wajomba watakuwepo. Basi koti likawa refu na legevu, linashuka bila kubana. Mikono mirefu, yenye vifungo vya kufunguka hadi kwenye kiwiko ili atawadhe bila kuvua nguo. Shingo imefungwa. Mtandio mkubwa badala ya kofia. Taratibu, karatasi ile ikawa na mtu tunayemjua.

Kisha nikamwomba fundi jambo ambalo si kawaida kijijini: tushone kwanza ya majaribio. Tukanunua marekani, ile pamba nyeupe ya kawaida ambayo bibi zetu waliijua vizuri, kitambaa kilichoingia Zanzibar na Bagamoyo kwa majahazi na meli tangu karne ya 19 na kubebwa na misafara hadi bara. Ndugu yake ndiye anayetumiwa Paris kwa ile toile. Nilifurahi sana kuliona hilo: kitambaa ambacho huku kilikuwa vazi la mtu asiye na kitu, kule ndicho msingi wa gauni la malkia.

Fundi akashikiza kwa uzi wa kutoa, binti akavaa. Nikamwambia: inua mikono kama unapiga takbiri. Mabega yakavuta. Inama rukuu. Mgongo ukapanda. Sujudu. Sawa. Kaa kwenye mkeka, inuka bila kushikwa mkono. Sketi ikamkanyagisha. Yote yale tukayaona kwenye marekani ya bei ndogo, si kwenye satini. Fundi akaongeza mabegani, akapunguza urefu wa mbele kidogo, akarudia. Mara ya pili binti akasujudu, akainuka, akazunguka mara moja, sketi ikafunguka kama ile ya mchoro. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kitambaa, bitana, vifungo na ufundi, vyote pamoja havikufika laki mbili. Na gauni ni lake. Atalivaa Iddi.

Kabla hujaenda kwa fundi

Kwa nyinyi mnaojiandaa, nawaachia haya machache:

1. Peleka picha unayoipenda, lakini sema ni kitu gani hasa unakipenda ndani yake. Rangi? Mikono? Sketi? Chukua hicho, kingine acha.

2. Mwombe fundi akuchore wewe, hata kama mchoro wake ni mbaya. Andikeni vipimo na bei kwenye karatasi hiyo hiyo, kila mmoja abaki na yake. Ugomvi mwingi wa mafundi na maharusi unatokana na maneno ya mdomoni.

3. Shona ya majaribio kwa marekani au shuka la zamani. Swali ndani yake. Kaa, inuka, tembea, kula, mkumbatie mama yako.

4. Anza mapema, angalau mwezi. Fundi anayeharakishwa hukata vibaya.

5. Usidharau kisutu. Bi harusi wa pwani aliyejifunga kisutu chake chekundu, cheusi na cheupe amevaa mchoro uliodumu kuliko wa Dior, na hakuna aliyewahi kuanguka kwa uzito wake.

6. Mahari yako iweke kwanza. Kisha ndipo tuzungumze shela.

Nilipoondoka Mkange, gauni lilikuwa limetundikwa kwenye chumba cha mama yake, limefunikwa kwa kanga. Ile karatasi ya daftari binti ameihifadhi ndani ya msahafu wake. Na laki nane? Sijui atazifanyia nini. Aliniambia bado anafikiri, nami sikumuuliza zaidi. Ni zake.

Allah awape maharusi wote wa msimu huu waume wema, nyumba zenye utulivu, na nguo nyepesi. Amin.